Humu Hamna Mtu

Ndege inapaa, na fundi cherehani aliyeshika usukani anapiga ukelele kama mtoto. Kiti kinanesa na kurudi nyuma. Anacheka, anamwita mwenzake aliye kwenye foleni: "Njoo uone! Inatikisika kweli!"

Inatikisika, ndiyo. Anayeitikisa yuko hatua moja nyuma yake, nyuma ya pazia jeusi, amevua shati na jasho linamchuruzika mgongoni. Mkono wa kushoto umeshika chuma kirefu, wa kulia umeshika kingine, na mguu uko juu ya kipande cha bati anachokikanyaga ili kiti kitetemeke. Haruhusiwi kusema. Haruhusiwi kukohoa. Bango lililo mlangoni, lenye herufi kubwa kuliko mlango wenyewe, linasema: MTAMBO WA KISASA WA KURUKA ANGANI, UNAJIENDESHA WENYEWE.

Unajiendesha wenyewe. Ebo!

Wenzake katika jumba hili la michezo, kati ya magari ya kugongana na farasi wa kuzunguka, wanamwita Upepo. Jina alipewa na dada wa tiketi, na halikuwa la mzaha tu. Mchezo unaoonekana kwenye skrini hauna upepo. Ni mchezo mwepesi wa urubani uliotengenezwa kwa ajili ya simu, wa mtu kupotezea muda akiwa kwenye foleni ya benki. Mwenye mtambo aliupata, akauunganisha na runinga kubwa, akaweka kiti cha basi juu ya springi za lori, akaita mtambo. Upepo ndiye aliyechomelea springi hizo, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa fundi wa gereji. Kisha akaambiwa abaki auendeshe.

"Mchezo wenyewe mtamu, nisiseme uongo," anasema, akijifuta uso kwa shati lake wakati fundi cherehani anashuka. "Huna haja ya kusomea kitu. Unashika usukani, unavuta, umo juu. Kuna mama anasafisha ofisi hapo ng'ambo, haachi kuja. Siku moja nilimsikia akimwambia dada wa tiketi, kule juu hakuna wa kunituma. Mtu akisema hivyo, utamcheka? Mimi sikumcheka."

Lakini ukimuuliza kasoro za mchezo huo, utatamani ungeuliza jambo lingine.

Anga yake ni ya buluu kutwa kucha. Mafuta hayaishi. Ukigonga mlima, ndege inadunda kama mpira na kuendelea na safari, na rubani hana habari. Bahari imelala kama shuka lililopigwa pasi. Sauti ni moja tu, vuuu, iwe unapaa, iwe unatua, iwe umesimama. Na ukifika uwanjani, hata kama umeingia kichwa chini, nyota zinarushwa kwenye skrini na maandishi yanakupongeza.

"Yaani hujafanya lolote, na bado unavikwa kilemba cha ukoka," anasema. "Na kutua kwenyewe hakuna. Magurudumu yanafika chini, na mwili wako hausikii kitu. Asubuhi moja kabla hatujafungua nilikaa mwenyewe, nikawasha. Loo! Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, natazama katuni. Nikasema, kumbe bila mimi hili ni kochi."

Kitu kimoja tu anakishukuru katika mchezo huo: matangazo. Katikati ya safari, ndege ikiwa juu ya milima, anga inapotea na linatokea tangazo la mafuta ya nywele. Abiria wanasonya. Nyuma ya pazia, Upepo anaachia vyuma na kunyoosha mikono yake. "Mimi peke yangu humu ndani ninayeyaombea matangazo yawe marefu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kazi yenyewe ina ugumu ambao hauonekani hadi uingie huko nyuma. Vyuma vimetokeza upande wa ukuta, kwa hiyo anafanya kazi akiwa amempa abiria mgongo. Skrini anaionea, kupitia upenyo mwembamba wa pazia, kwenye kioo cha pikipiki alichokifunga ukutani kwa waya. Kushoto kwake ni kulia kwa abiria. Siku za mwanzo alilisahau hilo. Abiria akikata kona kushoto, yeye anavuta kushoto kwake, na kiti kinalalia upande wa pili. Macho yanakwenda huku, tumbo linakwenda kule.

"Walitapika, jamani!" anasema dada wa tiketi, akishika mbavu. "Bwana mmoja alishuka akasema rubani wenu amelewa. Tajiri wetu akamwambia, rubani ni wewe mwenyewe!"

Leo mkono umezoea. Umezoea kupita kiasi, kwa maelezo ya mke wake, ambaye analalamika kwamba ukimwambia mumewe kitu kiko kulia, kwanza anageuka kushoto. Na Upepo ana mitetemo ya kila aina. Vijana anawapa dhoruba. Wapenzi anawapa mtikisiko mdogo ili washikane. Wazee anawashusha taratibu, mgongo wa kiti ukilala kidogo, kisha mshindo wa kwanza, kisha wa pili ulio mdogo zaidi. Huo wa pili ni wake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza.

Sasa bega.

Siku ya Jumamosi abiria hupita sitini. Kila mmoja ananyanyuliwa na mikono hiyo miwili, na wengine, tuseme ukweli, wameshiba. Bega la kulia lilianza kwa kuwasha, likaja kuuma, na siku hizi Upepo anavaa shati kwa kusaidiwa na mkewe. Daktari alimtazama akamwambia apumzike kabisa na afanyiwe mazoezi ya tiba, la sivyo mkono huo hautanyanyuka tena kupita kifua. Akaenda kwa mwenye mtambo, ambaye anapenda kuitwa Mkurugenzi, kumwomba agharimie tiba na amtafutie mtu wa kupokezana naye.

Mkurugenzi alimsikiliza vizuri tu. Akamwagizia hata soda. Kisha akamwonyesha bango.

"Akaniambia, hebu soma pale. Nikasoma. Akasema, mtambo unajiendesha wenyewe, sivyo? Sasa wewe bega limeumizwa na kazi gani?" Upepo analikanda bega. "Halafu akacheka. Akanipiga hapa begani, hapahapa. Damu ilinichemka. Nikameza."

Soma tena hapo, msomaji. Mtu anaajiriwa kufichwa, kisha anaambiwa kwamba kwa kuwa haonekani, hakuumia. Pazia ambalo Upepo alidhani ni la kuwafurahisha wateja, kumbe ni la kumfuta yeye. Ana mkono wa birika Mkurugenzi huyu, lakini wenye mkono wa birika wako tele duniani. Huyu amezidi, maana anamnyima mtu hata kuwapo.

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kuhusu mtu aliye nyuma ya pazia, Mkurugenzi alitabasamu. "Yule? Anafuta vumbi."

Kutoka mashavuni mwa anayefuta vumbi, wakati huo, jasho lilikuwa linadondokea vyuma.

Na Upepo angeendelea kumeza, mwenyewe anakiri. Ana nyumba inayomtegemea. Lakini Jumamosi iliyopita alikuja mama yake.

Mama huyo hajawahi kupanda ndege. Kwa muda mrefu amewaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya ndege, na wakimuuliza ndege gani, anawajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Siku hiyo alivaa kitambaa chake cha kichwa cha sherehe, akaja bila kuaga mtu, kumwona mwanawe kazini. Mlangoni alimkuta Mkurugenzi mwenyewe.

Upepo alisikia kila neno.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba, baba. Mwanangu yumo humu, anafanya kazi. Naomba nimwone kidogo tu."

"Humu, mama? Humu hamna mtu. Ni mtambo tu."

"Hamna mtu?"

"Hamna mtu kabisa. Lakini karibu uruke."

Katika kioo cha pikipiki, Upepo aliona kitambaa cha mama yake kikiingia na kutulia kwenye kiti. Wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Angeita, kazi imekwisha. Akanyamaza. Mama akavuta usukani, ndege ikapaa, na moja kwa moja ikaenda kugonga mlima. Ikadunda. Mama akasema "Pole!" kwa mlima. Nyuma ya pazia mwanawe alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akimrusha kwa uangalifu ambao hajawahi kumpa mtu, bega likimkata kwa kila kona. Akamtua. Mgongo wa kiti ukalala kidogo, mshindo, kisha ule mshindo mdogo.

"Mtambo wenu una adabu," Mama alimwambia Mkurugenzi akishuka, na Mkurugenzi akamshukuru.

Nyumbani jioni ile hakukuwa na adabu.

"Hakunisemesha," anasimulia Upepo. "Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama pembeni. Mwishowe akaniuliza, miaka yote hii unakwenda wapi asubuhi? Nikamwambia, Mama, ni mimi niliyekurusha. Akasema, usinifanye mtoto, nimeambiwa hamna mtu na kweli sikuona mtu. Mama yangu mzazi, ananiona mwongo mbele ya mke wangu! Afadhali angenichapa."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mama huyo. Upepo akazunguka nyuma yake, akakishika kiti mgongoni kwa mikono miwili. Mama akafoka: "Unafanya nini wewe?" Hakumjibu. Akakilaza kidogo. Akasubiri. Akakishusha kwa mshindo mmoja, kisha mwingine mdogo.

Mama akasema, "Rudia." Akarudia.

"Aligeuka akanitazama bega, jinsi nilivyolishika. Akaniuliza, na hapo pamefanya nini? Nikamweleza yote, na soda yenyewe. Sijawahi kumwona mama yangu amekasirika vile, hata nilipochoma moto godoro nikiwa mdogo. Akavua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya meza. Akasema hiki nitakivaa tena Jumamosi."

Jumamosi ndiyo hii. Upepo anayasimulia hayo kwa vipande, kati ya abiria na abiria, kwa sauti ya chini. Fundi cherehani amekwenda, wapenzi wawili wamekuja na kushikana, na tangazo la mafuta ya nywele limempa nafasi ya kunywa maji. Ndipo sauti anayoijua inasikika upande wa pili wa pazia.

"Nataka tiketi moja," inasema. Foleni nzima inasikia, maana mama huyo hana sauti ya kunong'ona. "Na yule mtu wenu ambaye hayupo, mwambieni anirushe polepole. Bega linamuuma."

"Mama, nilikwambia..." anaanza Mkurugenzi.

"Uliniambia! Uliniambia usoni pangu, mtu mzima kama mimi. Nimezaa mtu wewe ukamgeuza mtambo?"

Hangoji jibu. Anapanda kiti, ila hakai. Anapiga magoti juu yake, anageukia nyuma, anashika pazia kwa mikono yote miwili na kulivuta kwa uzito wake wote. Vishikizo vinang'oka kimoja baada ya kingine. Nguo nzito inaanguka na vumbi lake, vumbi ambalo ni wazi hakuna aliyekuwa analifuta, na foleni nzima inatoa macho. Ukutani amesimama mwanamume kifua wazi, vyuma mikononi, mgongo umelowa. Hajageuka. Kwenye kioo cha pikipiki anawaona wote.

Kisha kijana mmoja anauliza, "Kwa hiyo zile dhoruba ni wewe?"

"Ni mimi," anajibu Upepo. Ni neno lake la kwanza kwa abiria tangu aanze kazi hii.

Mkurugenzi anafoka pazia lirudishwe. Thubutu! Dada wa tiketi ameshalikunja, amelikalia, anajitia hamnazo na kuendelea kukata tiketi. Wawili katika foleni wanadai warudishiwe pesa kwa kuwa mtambo ni wa uongo. Wengine wanawazomea. Mama yule wa kusafisha ofisi, aliyekuwa wa nne, anamsogelea Mkurugenzi na kumuuliza bila kupandisha sauti kama huyu mtu analipiwa daktari. Mkurugenzi anasema hayo ni mambo ya ndani. Anamwuliza tena. Na wa nyuma yake anamwuliza. Mkurugenzi anatoa simu na kutoka nje, kana kwamba imeita.

Upepo amekaa sasa kwenye kile kipande cha bati, anavaa shati, na mama yake anamsaidia kupitisha mkono. Mpango wake si mkubwa, anasema. Jumatatu anakwenda kwa ofisa wa kazi, na dada wa tiketi pamoja na wengine kadhaa wameshasema watamsindikiza kueleza walichokiona. Anataka tiba ya bega. Anataka mtu wa kupokezana naye, ambaye Upepo mwenyewe atamfundisha kwamba kushoto ni kulia. Na akipona, anataka kurudi hapahapa.

"Kazi naipenda," anasema. "Watu wanashuka wamefurahi. Ila pazia silitaki tena, hata la wavu."

Mama amerudi kwenye kiti. Tiketi aliyokatiwa iko mkononi, haijachanwa, na hashuki.

"Leo unapumzika, sirushwi," anamwambia mwanawe. "Nakaa tu hapa. Nataka aje tena, aniambie humu hamna mtu."