Mafaili Mawili ya Angeline Akumu

Selpha Nakhumicha alikuwa amepewa hadi saa sita mchana aandike malengo matatu, na saa nne ilimkuta fomu ikiwa bado nyeupe. Ilikuwa wiki yake ya pili ya mafunzo katika ofisi ya usimamizi ya hospitali moja mjini Eldoret. Fomu ya kwanza alikuwa amerudishiwa jana yake na msimamizi wake, Madam Chepkoech.

"'Kukuza ujuzi wa mawasiliano,'" Madam alisoma akiwa amesimama. "'Kuelewa mifumo ya hospitali.' Haya ni malengo ya nani?"

"Ni yangu, Madam."

"Ni ya kila mtu. Wiki kumi na mbili zikiisha nitapima nini hapa? Kesho saa sita, ama nitaandikia chuo chenu kwamba hujui kilichokuleta."

Kwao Turbo walikuwa washaanza kumwita daktari, naye alichoka kuwaeleza kwamba kazi yake ni makaratasi. Sasa aliyatazama makaratasi yenyewe, akitafuta kitu kimoja tu kinachoweza kupimika. Amefanya nini tangu asubuhi? Ametoa mafaili ya wagonjwa wanne wa kupasuliwa. Akayahesabu kwa vidole: Wesonga, Njenga, Kageha, Angeline Akumu.

Kidole kilikwama hapo. Kabatini kulikuwa na Angeline Akumu wawili. Asubuhi alikuwa amechukua faili iliyokuwa mbele, na nambari hakuiangalia.

Alifungua kabati. Faili iliyobaki ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini na minne, umri uleule ulioandikwa kwenye orodha ya upasuaji. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu, palikuwa na jina la dawa ambayo mwili wake hauwezi kuistahimili.

Alipanda ngazi mbio. Njiani wazo lilimjia kwamba angeweza kusema wodi ndiyo iliyochanganya, nani angebisha? Wazo hilo lilikuwa bado linamfuata alipofika mlangoni pa chumba cha upasuaji na muuguzi akamzuia kwa mkono.

"Hapa haupiti."

"Sista, faili mliyo nayo si ya huyo mama. Yake ni hii. Ni mimi nilikosea."

Muuguzi alisoma maandishi mekundu, akaichukua faili na kuingia. Selpha alibaki ameegemea ukuta. Alisikia sauti ya mwanamume ikisema, "Ngoja, ngoja kwanza," kisha hakusikia chochote. Alijaribu kusali, maneno yakamkataa.

Muuguzi alipotoka, barakoa ilikuwa chini ya kidevu. "Dawa ilikuwa tayari kwenye sindano," alisema. "Haikuwa imeingia." Alimtazama kidogo. "Enda ukakae mahali."

Aliporudi ofisini, Madam Chepkoech alikuwa ameshapigiwa simu.

"Nambari ya mgonjwa ni ya nini, Selpha?"

"Ya kuhakikisha, Madam."

"Na wewe uliangalia nini?"

"Jina."

Madam alimsukumia karatasi. "Andika yote yaliyotokea. Nakala moja itaenda chuoni."

Aliandika bila kujitetea. Alipomaliza, zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita, naye akaivuta fomu ya malengo. La kwanza: faili yoyote isitoke mkononi mwake kabla ya kulinganisha jina, nambari na umri, na mtu wa pili kutia sahihi. La pili: kufikia mwisho wa mwezi, wagonjwa wote wanaofanana majina wawe wametafutwa na mafaili yao kuwekwa alama.

"Na la tatu?" Madam aliuliza.

"Sijalijua bado. Sikutaka kujaza tu."

Madam aliisoma fomu mara mbili, kisha akatia sahihi. "Barua ya onyo utaipata Jumatatu. Hiyo itakuja, usidhani nimesahau. Lakini hii kazi ya majina usingoje Jumatatu."

Selpha aliburuta kiti hadi kwenye kabati, akaanza na herufi A. Kufikia saa kumi jioni alikuwa amepata jozi tisa, na herufi C hajaigusa.