Mwenyewe Ni Kaka

Gurudumu la sanduku langu lilivunjikia kwenye ngazi za kituo cha mabasi, na basi lililokuwa linanisubiri lilikuwa limeshawasha injini. Wakala wa tiketi alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Usilie, mzee. Pita hapo pembeni, kuna Shangazi."

Shangazi hakuwa shangazi yangu wala wa wakala. Watoto wa kaka yake walikua wakicheza miguuni pake, wakimwita hivyo, na kituo kizima kikalichukua jina. Wale watoto wamekua na kuondoka zamani, jina limebaki. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, miwani imefungwa kwa uzi wa nailoni, ameketi kwenye kigoda katikati ya mabegi kama mama wa watoto wengi. Alilipindua sanduku langu, akalitazama tumbo lake.

"Hili haliponi leo," akasema. Akachomoa begi jingine ukutani, lenye mstari wa rangi ya chungwa kuanzia juu hadi chini. "Hamishia nguo zako humu, uende. Ukirudi utalikuta lako limepona."

"Na nisiporudi?"

"Utarudi. Mtu anaweza kukimbia akaacha mke, lakini hakimbii akaacha sanduku."

Nimetengenezewa masanduku katika miji ambayo lugha zake nilizijua nusunusu, na sijaona kwingine fundi anayekuazima begi ili usikose basi. Niliporudi ndipo nikapata habari yake, kidogo kutoka kwake, nyingi kutoka kwa wakala, ambaye dirisha lake halifungwi hata mvua ikinyesha.

Kibanda kilikuwa cha baba yao, fundi viatu. Kaka mtu alipata kazi ya ukarani kwenye ghala akaenda zake; dada akabaki kumshikia baba mzee nyundo, na baba alipofariki akabaki na nyundo. Kisha vikaja viatu vya plastiki, vile ambavyo vikikatika unatupa, na watu wakaacha kushona viatu. Ndugu wakamwambia afunge. Yeye akawa anatazama ngazi za kituo. Kila siku ngazi zile zilikuwa zinaua magurudumu ya masanduku, na wenye masanduku wanayabeba kichwani huku wanatukana. Akaenda kwenye marundo ya mitumba, akanunua viatu vya watoto vya kutelezea, akang'oa magurudumu yake. Ya kwanza aliyabandika kwa gundi. Yalitoka kabla mteja hajavuka barabara, na mteja alirudi nayo mkononi akipiga kelele. Akajifunza kutoboa tundu la ekseli, kutia beringi, kufunga kwa ribiti. Mabegi ya kuazima yalikuwa yale ambayo wenyewe hawakuyarudia. Mstari ni rangi iliyobaki siku wakala alipopaka dirisha lake.

Kaka alipostaafu ghalani, alirudi akakaa kwenye kiti cha baba, mbele kabisa ya kibanda. Hakushika sindano. Alisalimia watu, akasoma gazeti, akalinda kiti. Kituo kikamwita Mwenyekiti. Alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi, na nilimpenda.

Hao ndugu wawili walikuwa na mchezo wao wa adabu, na habari yote hii imesimama juu ya mchezo huo, kwa hiyo niueleze vizuri. Mteja akiuliza bei, Shangazi anasema bila kuinua macho, "Muulize mwenyewe. Mwenyewe ni kaka, mimi namshikia tu." Na Mwenyekiti anajibu papo hapo, "Aka! Mimi hapa mlinzi tu. Mwenyewe ni huyo mwenye sindano." Kisha Shangazi anataja bei. Ni kama watu wawili mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Mmoja anatoa heshima, mwingine anairudisha, na hakuna anayelala nje. Mteja mgeni kabisa, hata asiyejua lugha, alimaliza kuwasikiliza akiwa anajua hasa kibanda ni cha nani.

Siku niliyokuja kuchukua sanduku langu, nilipokuwa nimeketi hapo na kuusikia mchezo huo mara kadhaa, alikuja pia mtafiti wa chuo cha uongozi wa biashara. Kijana nadhifu, mpole, begani ana mkoba mzuri ambao Shangazi aliukagua mshono kabla hajamkagua mwenyewe. Kituo kilimwita Daktari tangu dakika ya kwanza. Alikuwa anachunguza ubunifu katika biashara ndogo za familia: nani anaanzisha, nani anabuni, nani atarithi. Mambo ya maana, sisemi hayana maana. Alikuwa amesikia habari za begi la kuazima na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Mama, mwenye biashara hii ni nani?"

Shangazi alikuwa na uzi katikati ya meno. "Mwenyewe si huyo hapo? Kaka yangu. Mimi namshikia tu."

Tukasubiri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Wakala alikuwa ametoa kichwa dirishani kuja kuchukua kicheko chake.

Mwenyekiti akakohoa. Akanyoosha kola. "Karibu, Daktari," akasema. "Uliza tu."

Sindano ya Shangazi ilisimama hewani. Kisha ikaendelea.

"Wazo hili la begi la kuazima lilikujaje, mzee?"

"Ah, mtu unakaa, unafikiri."

"Kukaa, kweli amekaa," wakala akasema, lakini hakuna aliyecheka, na kijana akaandika.

Nimejaribu kumwelewa yule mzee. Maisha yake yote alipiga mihuri kwenye makasha ya watu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Siku hiyo mtu msomi alimuuliza, na kalamu mkononi. Namwelewa, simtetei. Njaa ya kuheshimiwa haimpi mtu ruhusa ya kula sahani ya dada yake.

Daktari ndiye aliyenikera zaidi. Nilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Bwana, yale maneno ya mama ni ya adabu. Hayakuwa jibu."

"Siwezi kuandika ninachodhani," akasema kwa upole. "Naandika ninachoambiwa."

"Umewahi kuingia nyumba ya watu wakakwambia karibu, hapa ni kwako?"

"Mara nyingi."

"Ulihamia?"

Akacheka, akasema hiyo ni tofauti, akaenda zake. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Lakini alikuwa kijana wa hapo hapo. Mama yake pia humwambia mgeni kwamba chakula hiki si kitu, ni majani tu tumechemsha, naye hajawahi hata siku moja kuamini kwamba mama yake anapika majani. Adabu hiyo aliinyonya. Akifika kwenye geti la chuo anaivua kama viatu vyenye matope, na akitoka na dodoso lake mkononi anasahau kuivaa tena.

Niliporudi kibandani Shangazi alikuwa analitikisa sanduku langu. "Magurudumu yamepona, mkono wake nao unalegea. Liache tena." Nikaondoka na begi la mstari kwa mara ya pili. Mwenyekiti alikuwa amejifunika gazeti.

Safari ile ilikuwa ndefu. Katika mji wa mbali nilialikwa kusikiliza watu wa vyuo wakizungumzia ujasiriamali, ukumbini, kwenye viti vya kuzunguka, na ukutani ikatokea picha ya Mwenyekiti kwenye kiti cha baba. Mwasisi mwenye maono, wakasema. Mstaafu aliyegeuza kibanda cha viatu kuwa mfano wa ubunifu. Pembeni ya picha, palipokatwa, kilikuwa kimebaki kiwiko cha mtu na ncha ya uzi wa nailoni. Watu wakapiga makofi. Begi la mstari wa chungwa lilikuwa chini ya kiti changu, na nilitamani liweze kusimama liseme.

Yaliyofuata kibandani nilisimuliwa na wakala, naye ameyasimulia mara nyingi kiasi kwamba anajua mahali pa kupumzika.

Daktari alikuja na kijitabu kilichochapwa vizuri, na bwana mmoja wa mfuko wa kuendeleza biashara ndogo, mwenye viatu vilivyong'aa. Mfuko ulitaka kufungua vibanda vya mabegi ya kuazima katika vituo vingine. Mwasisi atie sahihi. Mambo yote yatakuwa chini yake na chini ya msimamizi watakayemleta wao. Na mama? Mama asiwe na wasiwasi, mama ataajiriwa. Atakuwa fundi wa kwanza.

"Ataajiriwa," wakala alinirudia, akipiga mbao za dirisha lake. "Kwenye kigoda chake mwenyewe! Kesho watamwajiri kulala kitandani kwake."

Shangazi alikichukua kijitabu akasoma, miwani imeshuka puani. Humo aliitwa dada wa mwasisi, asiye na ajira, anayesaidia.

"Mwanangu," akamwambia Daktari, "hii kazi ninayofanya inaitwaje?"

"Ni neno la kitaalamu tu, mama. Halina ubaya."

"Lingekuwa na ubaya lingekuwaje?"

Shangazi akasimama, jambo ambalo hafanyi mara nyingi kwa sababu ya magoti, akafuta mikono kwenye kanga, na akasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye mabasi, "Wageni wetu, mwenyewe ni kaka. Mimi namshikia tu."

Wakala anaapa kwamba kituo kizima kiligeuka kutazama, na wapiga debe pia. Kila mtu alielewa. Alikuwa amemfungulia kaka yake mlango mara ya pili, wazi kabisa, mbele ya watu. Alitakiwa tu kusema neno alilolisema kila siku.

Mwenyekiti aliitazama kalamu aliyopewa. Ilikuwa nzuri. "Dada," akasema, "tusiwacheleweshe wageni."

"Haya," Shangazi akasema. "Basi leo tuache mchezo. Mwenyewe ni mimi."

"Lakini mama," Daktari akasema, kwa uchungu kabisa, "ulisema wewe mwenyewe. Ninayo maneno yako."

"Nilimheshimu kaka yangu."

"Kwenye dodoso hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

"Sikulaumu, mwanangu. Dodoso hilo hukulishona wewe." Akamgeukia kaka yake. "Kiti nakuachia, ni cha baba, na wewe ni mkubwa. Kibanda nakuachia. Lakini haya masanduku ni ya watu, na watu wameniachia mimi, hawakumwachia mwasisi."

Akaanza kuyavuta nje, moja baada ya jingine, yaliyopona na yasiyopona. Wakala alitoka dirishani kwake, jambo ambalo watu walikuwa hawajaliona, akahamisha makaratasi yake upande mmoja, akampa nusu ya kibanda chake ng'ambo ya njia. Bwana wa mfuko aliuliza kama hiyo ndiyo mila ya hapa. Mwenyekiti akatia sahihi.

Mimi nilifika baada ya hapo, begi la mstari mkononi, sijasimuliwa lolote bado. Nikaenda moja kwa moja palepale nilipozoea. Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Ukutani palipokuwa mabegi palikuwa na cheti ndani ya kioo, na picha ile ile yenye kiwiko. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti, shati limepigwa pasi. Msimamizi wa mfuko alikuwa ameletwa, akatazama huku na huku akitafuta ubunifu wenyewe uko wapi, akaondoka. Magurudumu hayakuwepo. Wateja nao walipita mbele ya mlango, mabegi ya mstari wa chungwa mikononi, wakavuka njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi."

"Nimefuata sanduku langu."

Aliangalia begi nililolishika. Akaangalia mikono yake. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo, na akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu alichokivua zamani, "Muulize mwenyewe. Mimi hapa mlinzi tu."

Nikavuka. Shangazi alikuwa kwenye kigoda, nusu ya mwili ndani ya kibanda cha tiketi, nusu njiani, watu wanamruka. Sanduku langu lilikuwa limepona mkono na magurudumu. Alilipokea begi la mstari, akapima zipu yake huku na huku kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka kwa watu.

Nikamwambia, maana nilidhani nimembebea kitu, "Shangazi, kaka yako amesema. Amesema muulize mwenyewe, mimi hapa mlinzi tu."

Sindano ikasimama. "Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

Alimtazama wakala, na wakala akajifanya anahesabu tiketi. Ng'ambo, Mwenyekiti alikuwa ameinua gazeti, lakini macho yake yalichungulia juu yake, upande wetu.

"Basi bado hajasema," Shangazi akasema, akakata uzi kwa meno. "Alinikana stendi nzima ikisikia. Anajua njia, si pana. Siku akivuka aje aseme hapa, watu wakiwa wamejaa, nitamwekea kiti. Wewe shika sanduku lako, basi lako hilo linaondoka."