Kitambaa cha Kantini

Mama Chupa alikuwa ameosha vyombo vya maabara ya chuo kwa miaka ishirini na miwili. Ukungu wa wiki tatu aliukwangua huku akiimba. Kilichomtia kichefuchefu ni kimoja tu: mwanafunzi anayesoma utafiti wake kwenye karatasi kama anasomewa mashtaka.

"Utafiti huu ulilenga kubainisha..." alianza binti mmoja wa mwaka wa tatu, sauti kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua. Mara ya kwanza mbele ya jopo alisimama bubu dakika nne mpaka wakamkalisha. Kesho ndiyo nafasi ya mwisho. Akikwama, anarudia mwaka.

Mama Chupa alimpa mgongo, akasugua. Ndiyo sheria yake kwa wanaokuja kujizoeza: yeye anaosha, wewe unaeleza, akigeuka, umeiva. Wengi waliuhutubia mgongo ule mpaka vyombo vikaisha.

"...uwepo wa bakteria kwenye nyuso za..."

"Nyuso za nani? Za shangazi zako?"

"Za meza, mama. Za kantini."

Brashi ikapunguza mwendo. "Zina nini meza ninazolia chakula mimi?"

Binti alishusha karatasi. "Kile kitambaa wanachofutia, mama. Ni kimoja kutwa nzima. Kinafuta meza, kinafuta sinia, kinafuta jasho la mpishi, halafu kinalala kwenye ndoo ya maji ya juzi. Nilikigusisha kwenye kisahani cha kuoteshea bakteria. Siku ya pili vimeota vidudu vilevile vya chooni."

Chupa ikamponyoka, mama wa watu akageuka mzima mzima.

"Toba! Na saa nne nimetoka kula pale! Mshenzi wewe, ulikuwa unaificha wapi habari hii? Sema hivyohivyo kesho. Hiyo karatasi kafutie viatu."

Kesho yake jopo lilikaa: wahadhiri watatu, chai, na keki za kantini. Mmoja alichokonoa meno kwa kitambulisho chake cha kazi, akakichungulia, akakirudisha shingoni. Mkuu wao alitafuna mdomo wazi. Mama Chupa, mlangoni na ndoo yake, alitamani kuwaosha wote kwa maji ya moto na sabuni kali.

Binti alisimama. Karatasi ilibaki mfukoni.

"Walimu wangu, hizo keki zilikatwa juu ya meza. Naomba niwaeleze meza hiyo ilifutwa na nini."

Alieleza dakika kumi. Hakuna aliyegusa simu. Mkuu wa jopo alikuwa na tonge shavuni, hamezi, hatemi, macho yamemtoka.

"Kuna swali, mwalimu?"

Mkuu akatikisa kichwa, shavu bado limejaa.

"Umefaulu," alinong'ona yule wa kitambulisho, akikivua shingoni taratibu.

Mama Chupa akamsogezea mkuu ndoo.