Bibi Kitana Sasa Anasuka Akiwa Amekaa

Asubuhi imechangamka, na barazani kwa Bibi Kitana hakuna pa kutia mguu. Mteja mmoja yuko chini mkekani, kichwa kimeegemea goti la msusi. Wengine wawili wanangoja zamu kwenye benchi, na umbea umeshakolea. Vidole vya bibi vinagawa nywele, vinapaka mafuta, vinasokota, wala macho yake hayahangaiki kuvifuata.

"Kaza shingo, mwanangu," anamwambia mteja anayejikunyata. "Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Benchi zima linacheka. Bibi naye anacheka, kisha anajiweka sawa kwenye kiti chake cha mbao.

"Mnaniona nilivyokaa?" anasema. "Wenzangu wanamshukuru Mungu kwa nyumba na magari. Mimi namshukuru kwa kukaa."

Ana miaka sabini na tisa. Jina alilopewa na wazazi wake wanalikumbuka wachache. Wengine wote humwita kwa kile kitana anachokichomeka kwenye kilemba, na ambacho hukisahau humo hata akienda sokoni. Kwa ususi huo alimlea mwanawe wa pekee baada ya kufiwa na mume, na hata leo hataki kusikia habari ya kupumzika.

Lakini kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilikuwa mateso ambayo hakumwambia mtu.

"Nilikuwa chooni," anasimulia, akipunguza sauti kidogo. "Nikahisi kitu kimeshuka ambacho si cha kushuka."

Mwanzoni kilirudi chenyewe. Baadaye ikabidi akirudishe kwa mkono. Mwishowe ikawa akikohoa, akiinua ndoo au akisimama kwa muda mrefu, kinatoka. Akikaa juu yake, maumivu. Akisimama, kinazidi kuvuta. Akawa anasuka ameegemea ukuta, nusu amesimama na nusu ameinama, na wateja wakidhani ni mgongo wa uzeeni.

Yeye alidhani ni bawasiri. "Nimekunywa machungu ya kila mti," anasema. "Mizizi, maganda, majani. Kama ni dawa, basi mimi ningekuwa msitu."

Kumbe haikuwa bawasiri. Ilikuwa puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, iliyokuwa imelegea na kutoka nje. Madaktari wanasema huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa, hasa waliosumbuliwa na choo kigumu kwa miaka mingi. Wengi wao hunyamaza.

Bibi Kitana naye alinyamaza. Alijikunjia vitambaa ndani ya nguo na kuvifua kabla wengine hawajaamka. Harusi akaacha kwenda. Hata kwenye msiba wa jirani aliyekuwa akiombana naye chumvi, alisingizia mguu.

Mke wa mwanawe, anayeishi naye nyumba moja, alikuwa na wasiwasi wake. "Nilikuwa naviona vile vitambaa kwenye kamba, vimefichwa nyuma ya shuka," anasema. "Lakini mama mkwe unamwanzaje? Unaanza na neno gani?"

Neno lilikuja lenyewe, siku Bibi Kitana alipokuwa akimsuka mwalimu wa shule ya jirani. Kichwa kilikuwa kimefika nusu. Bibi akapiga chafya.

"Moja tu," anasema. "Kikatoka chote, na safari hii kikagoma kurudi."

Aliingia ndani, akajaribu, akashindwa. Akaona damu. Akarudi barazani ameshikilia mwimo wa mlango.

"Bibi, una nini?" mwalimu akauliza.

"Sina kitu, mwanangu. Geuka nimalizie."

"Unatoka jasho na unatetemeka. Sigeuki."

Mwalimu akamwita mkwe. Bibi aliinamisha kichwa, akayasema yote kwa mara ya kwanza, akiwa anaitazama sakafu. Mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia magoti.

"Mama, mwanangu wa kwanza ulimpokea kwa mikono yako, mvua inanyesha na gari hakuna," akamwambia. "Kila kitu changu umekiona. Leo unanionea haya mimi?"

Wakamfunga kanga, wakaenda naye hospitali. Mwalimu hakukumbuka kichwa chake: upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama pamba iliyochambuliwa. Mapokezini wakamuuliza yeye kwanza kama ndiye mgonjwa.

"Pamoja na maumivu yangu, nilicheka," anasema Bibi Kitana.

Chumba cha matibabu kilimshangaza zaidi. "Namwona muuguzi anakuja na sukari. Nikajisemea, jamani, chai ya saa hizi?" Haikuwa chai. Muuguzi aliinyunyiza sukari pale palipovimba ili inyonye maji, uvimbe ukanywea, na daktari akaweza kuirudisha puru ndani taratibu.

Furaha hiyo haikudumu. Daktari yule aliwaeleza kwamba tiba ya kweli ni upasuaji, ila kwa moyo wake uliochoka na kifua chake kibovu, kumfungua tumbo kungekuwa hatari mno. Wakarudishwa nyumbani na ushauri wa kula matunda na kunywa maji.

"Nikajua nitaishi na mgeni wangu huyu hadi tuzikwe pamoja," anasema.

Mwalimu ndiye aliyekataa. Aliuliza huku na kule mpaka akasikia habari za daktari mpasuaji kwenye hospitali kubwa, mwanamke, anayefanya upasuaji wa matundu madogo. Tumbo halifunguliwi lote. Hupitishwa kamera na vifaa vyembamba kwenye vijitundu, puru ikavutwa juu na kushikizwa kwa wavu mwembamba isishuke tena.

"Uzee peke yake haunifanyi nimkatae mtu," anasema daktari huyo. "Nataka kujua mwili una nguvu kiasi gani, na tunaweza kuuongezea kiasi gani. Nilimwambia ukweli pia. Hatari ipo, na kwa wengine tatizo hurudi."

Kama moyo wake usingekubali nusu kaputi, daktari alikuwa na njia nyingine ya kumtibu kwa chini, bila kugusa tumbo, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Lakini kwanza alitaka kumwimarisha. Akapewa dawa za moyo, mayai na maharage kila siku, mazoezi ya kuvuta pumzi, na matembezi hadi mwisho wa mtaa.

"Mkwe wangu alinigeuza kuruta," Bibi anasema. "Nikisema nimechoka, ananijibu, 'Mama, mpaka kwenye nguzo ile.' Tukifika, anaonyesha nguzo nyingine."

Alipopimwa tena, daktari wa usingizi aliridhika.

Siku ya upasuaji hofu ilimrudia. Akiwa kitandani, na kofia ya plastiki kichwani, aliomba kuona mikono ya daktari. Daktari akampa. Bibi akaigeuza, akavitazama vidole kimoja kimoja.

"Nikamwambia, hivi ni vidole vya kusuka. Haya, nenda nami."

Alipozinduka alijipapasa tumbo akitafuta jeraha kubwa, akakuta bandeji ndogondogo. Kesho yake alikaa ukingoni mwa kitanda. Jaribio lenyewe likaja aliporuhusiwa kwenda chooni. Mkwe alisimama nje ya mlango, ameuma kidole.

"Mama, vipi?"

Akabisha mlango.

"Mama!"

"Imetulia!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Mwanangu, imetulia!"

Walilia wote wawili, mlango ukiwa katikati yao.

Afya yake si ya msichana. Ndoo hainui, anasuka asubuhi tu, na kuna siku tumbo humharakisha. Lakini harusini anakwenda. Na kichwa cha kwanza alichokisuka baada ya kupona kilikuwa cha mwalimu.

"Yule ni mtoto wa watu," anasema, "akatembea mjini na aibu kichwani ili mimi nitoke kwenye yangu. Nitamlipa nini? Mkwe wangu nitamlipa nini?"

Anachosubiri sasa ni safari. Alipotoka hospitali alimpigia simu dada yake mkubwa, mwenye miaka themanini na minne, anayeishi mbali, ili amsimulie. Alimaliza kusimulia yote. Bibi Kitana akadhani simu imekatika.

"Nikasema, dada, unanisikia? Ndipo akanijibu, polepole: 'Kumbe na wewe?'"

Anafuta macho kwa ncha ya kanga. Wamelala kitanda kimoja utotoni, anasema, na wameambiana kila siri, isipokuwa hii.

Daktari amesema dada aletwe apimwe. Hajaahidi zaidi ya hapo. Mkwe ameshamwandalia chumba. Wiki ijayo Bibi Kitana atapanda basi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, atakaa njia nzima.

"Dada hataki kuja. Anasema ameshazeeka, aachwe," anasema. "Nimemwambia, dada, siji kukuuliza. Nakuja kukuchukua."