Jina la Bibi Katika Kitabu cha Waskochi

Kwanza niapie kwamba haya hayatoki hapa. Niapie vizuri, maana na mie niliapishwa, tena juu ya msahafu wa Bibi, na nimekaa nayo mpaka meno yameanza kuniaga. Umeapa? Haya, sogea.

Nilipokuwa mtoto tukikaa Walthamstow, miaka michache baada ya Mapinduzi kututoa Unguja, nondo aliingia sebuleni kwetu katikati ya baridi. Nondo mkubwa, rangi ya majivu, akatua juu ya pazia. Baba akakunja gazeti ampige. Bibi akamshika mkono.

"Muache. Huyo mgeni, na anatoka mbali."

Baba akacheka, akasema mgeni wetu hapa London ni msoma mita ya gesi tu. Siku ya tatu ikaja barua kutoka Uskochi.

Baba yake Bibi alikuwa Mskochi, fundi wa mashine za meli. Alisilimu, akamuoa mama yake Bibi pale Unguja, akafa kwa homa Bibi akiwa na miaka sita. Bibi alimkumbuka vipandevipande: ndevu nyekundu, harufu ya grisi. Tulipofika London Mama alikuwa ameandika barua kwa kanisa la kijiji cha yule fundi kuulizia jamaa, kimya. Sasa alijibu mwanamke mmoja, Bi Agnesi, mwalimu mstaafu, mjukuu wa kaka yake yule fundi. Alikuwa akikusanya habari za ukoo wao tangu mababu wa mababu, na alitaka kuja kutuona.

Kwa Bibi, hili halikuwa jambo la udadisi. Kila Alhamisi kabla ya Magharibi alifukiza ubani, akawaita wafu wake mmoja mmoja, kwa majina yao na ya mama zao. Aliamini maiti ni kama mgeni: usipomwita vilivyo hukaa kizingitini, haingii wala haondoki. Baba yake alikuwa kizingitini miaka yote hiyo, kwa sababu Bibi hakujua jina la mama wa huyo baba.

Bi Agnesi akaja, mrefu, mkavu kama ufito, akakataa sukari kwenye chai. Nikajisemea, huyu raha haijui. Sandukuni mwake mlikuwa na Biblia kubwa ya ukoo, kurasa za mwanzo zimejaa majina ya waliozaliwa na waliokufa. Bibi akauliza alilotaka kuuliza maisha yake yote, Mama akatafsiri, na Bi Agnesi akajibu: mama yake fundi aliitwa Elspeti. Bibi akalirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Elisipeti. Elisipeti. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na mimi nimeandikwa wapi?"

Bi Agnesi akaonyesha kwa kidole. Chini ya jina la fundi paliandikwa: alifia ng'ambo, hakuoa, hakuacha mtoto.

"Mwambie mtoto ndiye huyu anayemmiminia chai," Bibi akasema.

Bi Agnesi hakuwa mtu mbaya, masikini. Alikiri kwamba Bibi ana pua ya babu yake yeye Agnesi vilevile. Lakini kitabu kile hakikuandikwa ila kwa cheti. Kipo cheti cha ndoa? Mama akamjibu kwamba nikaha ilisomwa mbele ya mashahidi, mashahidi wamekufa, na makaratasi yamebaki Unguja, maana tulitoka na nguo za mwilini.

"Ningependa," Bi Agnesi alisema, "lakini siwezi."

Ilikuwa Alhamisi. Bibi hakufukiza. Nikamuuliza kwa nini.

"Nitamwitaje, mjukuu wangu? Kitabu cha mama yake kinamwambia hana mtoto. Nikisema baba, ataitika nani?"

Asubuhi yake Bi Agnesi, aliyelala kwetu, akakuta alama za penseli chini ya jina la fundi, vijiti na nukta. Akazifuta kwa raba kabla mtu mwingine hajaziona, akasema mtoto amechezea kitabu. Mtoto nilikuwa mmoja tu humo ndani. Mama akanizaba kofi. Alasiri zikaonekana tena, zikafutwa tena, na kofi la pili likaja.

Mie nilimjua mwandishi, kwa kuwa nilimfuma. Bibi, ametia udhu, ameshika penseli yangu ya shule. Kiingereza hakujua hata herufi moja. Mahali pa baba yake alipapata kwa kuhesabu mistari kutoka chini. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kwenye Kurani, kutoka kulia. Bi Agnesi wa watu aliona michoro ya mtoto.

Hapo ndipo nilipoapishwa. Tena nikapewa kazi.

Jumamosi wakubwa walikwenda sokoni. Bibi akasema miguu inamuuma. Mie nikawekwa dirishani.

"Ukiwaona, kohoa," akaniambia. "Na usianze kuchungulia ya majirani."

Sasa hapa pana siri yangu, si yake. Niliwaona. Niliwaona tangu duka la pembeni, watatu chini ya mwavuli mmoja, wanaharakisha kwa sababu ya mvua. Koo langu lilikuwa zima kabisa. Sikukohoa.

Nimejiuliza tangu siku ile. Pengine shavu lilikuwa limechoka. Nilivyozeeka nimeanza kujipendelea, nasema nilijua kwamba jina lililoandikwa kwa kificho litafutwa kila siku, na kwamba ilibidi aonekane. Uongo. Mtoto wa miaka tisa hayajui hayo. Nilimuuza bibi yangu, basi. Sasa naye amelala katika udongo huu huu wa London, na kila Alhamisi namfukizia ubani, namwita yeye, na baba yake, na Elspeti. Kila nikifika kwenye jina la Bibi nasita kidogo, kama mtu aliyesikia mlango.

Mlango ulifunguliwa. Bibi ameketi mbele ya Biblia, na mkononi ana kalamu ya wino ya Bi Agnesi mwenyewe, kidole cha shahada cheusi mpaka kwenye kiungo. Mama akasogea, maji ya mvua yanamtiririka, akasoma kwa sauti kutoka kulia: "Zuhura, mtoto wake."

Mkono wa Bi Agnesi ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta raba. Akaona ni wino. Mkono ukabaki humo humo.

Bibi hakuificha kalamu. Wala hakumtazama Bi Agnesi. Alinitazama mie pale dirishani, akanitazama sana, na kidole chake cheusi akakiweka juu ya jina lake, wino haujakauka.