Gauni Ambalo Halikurudi kwa Fundi

Eunike Kaanaeli, fundi cherehani wa Kaloleni ambaye wateja wamezoea kumwita Mama Eliya, alikuwa na ugonjwa ambao hauna dawa katika duka lolote la Arusha: udadisi. Akikuona umepita na kikapu, atataka kujua umebeba nini. Akishajua umebeba nini, atataka kujua unampelekea nani. Majirani walikuwa wamemzoea. Tena udadisi huo ulimfaa kazini, maana anayeshonea watu nguo hujua mambo ya miili yao ambayo wenyewe wasingemwambia hata mchungaji.

Kilichomshangaza miaka yote ni sherehe. Harusi ikikaribia, au kipaimara, wanawake wa ukoo huchagua kitambaa cha sare, kisha wote kwa pamoja huanza kujinyima. Huyu anaishi kwa mayai ya kuchemsha, yule anakunywa maji ya ndimu mpaka tumbo linamlalamikia, mwingine ameapa hagusi ugali. Wanakuja kupimwa, wanarudi kupunguziwa kiuno, na siku yenyewe wanapendeza kwelikweli. Miezi michache baadaye wanaanza kurudi mmoja mmoja, gauni mkononi, macho chini, wakiomba mshono uachiwe kidogo ubavuni. Eunike alishajifunza kuacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa kila mtu bila kuulizwa.

Naye alikuwemo humohumo. Kila sherehe alijinyima pamoja nao, na kila sherehe ilipopita alinenepa kuliko alivyokuwa ameanza. Lilikuwa jambo la kuchekea tu, mpaka magoti yalipoanza kumgomea. Daktari alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba magoti yamechoka kubeba mzigo, na kwamba akipungua taratibu yatapata nafuu. Asipopungua, itafika siku atashindwa hata ngazi za kanisani.

Ngazi za kanisani hazikumtisha sana. Alichokiogopa ni njia ya kwa mama yake. Mama anaishi Nkoaranga, juu huko, na pikipiki zinaishia hospitalini. Kutoka hapo ni njia ya miguu inayoshuka korongoni na kupanda ng'ambo ya pili, kati ya migomba na kahawa, mpaka ulimi unatoka nje. Eunike alikuwa hajafika nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mama amezeeka, na habari ya kuhamia mjini hataki kuisikia. Kwa simu alikuwa akiuliza, utakuja lini? Eunike alikuwa akijibu, mvua ikiisha. Mvua ziliisha na nyingine zikaanza. Moyoni alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu, kwamba siku atakayopanda tena njia ile atakuwa anakwenda kumzika mama.

Katika mawazo hayo ndipo alipomkumbuka Sinyati. Mwalimu Sinyati wa Sekei, mwanamke wa Kiarusha, alikuwa ameshonewa gauni la harusi ya mdogo wake miaka mitatu nyuma. Alipunguziwa kiuno kama wenzake. Dada zake na wifi zake wote walisharudi kuachiwa, yeye hakuonekana tena. Eunike alikaa na jambo hilo kwenye mashine tangu asubuhi, na kadiri alivyoshona ndivyo lilivyozidi kumwasha. Amepata fundi mwingine? Hilo lingemuuma. Alipomuuliza mteja mmoja anayekaa Sekei, aliambiwa Mwalimu yupo, ila bado ni mwembamba vilevile kama siku ya harusi. Basi, Eunike akaelewa yote. Mtu mzima hawezi kukaa miaka mitatu bila kurudisha mwili wake kama haumwi.

Na huku kwetu mtu aliyekonda haulizwi maswali, anapelekewa chakula. Jumamosi Eunike alipika mtori wa kumuinua mgonjwa: ndizi mbichi na nyama ya mfupa, zikachemshwa na kupondwa mpaka zikawa laini, kisha akaongeza siagi bila kuionea huruma. Akafunga hotpoti kwa khanga, akapanda bajaji mpaka Sekei, njiani akijifunza maneno ya kumfariji mtu.

Alimkuta mgonjwa wake akipandisha kilima karibu na nyumba yake, jasho linamtiririka, raba miguuni, anaongea na jirani yake wala hahemi. Sinyati alimwamkia shikamoo na kumpokea mzigo. Eunike akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia juu mpaka chini kwa macho ya fundi. Kiuno kilikuwa kilekile. Mashavu yaling'aa. Maneno yote ya faraja yakamkauka mdomoni, na kwa kuwa hakujua kusema uongo, akasema alichojia. Sinyati alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema si yeye wa kwanza kufikiri hivyo, mama mkwe wake alishawahi kuleta watu wa jumuiya kumwombea.

Ndani, Eunike alisubiri mtori ukataliwe kwa adabu. Haukukataliwa. Sinyati alipakua bakuli moja, akakaa mezani, akala polepole mpaka mwisho huku akiusifia, kisha akafunika hotpoti.

"Kumbe unakula mtori?" Eunike aliuliza, karibu kwa kulalamika.

"Nakula, Mama Eliya. Nakula kila kitu."

Hapo udadisi ukafungua milango yote. Ugali je? Anakula, ila mnafu au mchicha ndio unaojaza sahani na ugali unakaa pembeni. Chai? Alikuwa anaweka sukari vijiko vitatu, akashuka kidogo kidogo mpaka ulimi ukasahau. Soda ni ya sikukuu. Shuleni anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na Jumamosi anapanda kilima na jirani, kwa sababu peke yake angeshaacha zamani. Na ukitembelea watu, ukiwekewa chapati tatu na chai ya maziwa? Sinyati alisema anapokea, anakula moja kwa furaha, na anamsifu mwenye nyumba kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakuna anayehesabu zilizobaki. Hajawahi kununiwa, ingawa wapo waliomsema.

Yote hayo Eunike aliyasikiliza kwa mashaka kidogo, kwa sababu hayakuwa na ajabu yoyote. Alitegemea siri, pengine mzizi fulani wa porini wa Kimasai. Akamuuliza sasa tofauti yake na dada zake ni ipi, kama walianza wote siku moja na kwa harusi moja.

Sinyati alifikiri. "Wiki moja kabla ya harusi nilikuwa nimekaa na yai langu la kuchemsha, nikajiuliza, hivi hili nitaweza mpaka nizeeke? Nikaona siwezi. Basi nikaanza kutafuta yale ninayoweza."

Aliongeza kwamba amewahi kuteleza si mara moja, hasa likizo, na akiteleza hajiadhibu, anarudi tu kwenye sahani yake na kilima chake. Eunike alirudi Kaloleni na hotpoti nusu tupu, akiwa ameudhika na amefurahi kwa wakati mmoja. Miaka yote hiyo walikuwa wanajinyima kwa ajili ya tarehe, na tarehe ikipita hapabaki sababu. Yeye hakuwa na harusi ya kuendea safari hii. Alikuwa na mama, na mama hana tarehe.

Akaanza na anayoweza. Siku ya kwanza aliuzunguka uwanja wa mpira nusu tu, akakaa kwenye jiwe, wauza miwa wakamwangalia. Sukari ilimpiga chenga wiki nyingi. Mashine nayo ni kazi ya kukaa, kwa hiyo alijiwekea desturi ya kuinuka kila anapomaliza mshono na kwenda kupasi akiwa amesimama. Krismasi ilimwangusha vizuri kabisa, akala pilau katika nyumba tatu. Zamani angesema basi, imeharibika. Safari hii alirudi uwanjani siku ya pili, na aibu ikaishia njiani.

Mwezi wa pili, njia zikiwa kavu, alishuka kwenye pikipiki pale hospitalini, akachukua fimbo, akaingia korongoni. Alipumzika mara nyingi. Magoti yalimuuma, lakini yalikuwa maumivu ya kazi, siyo ya kugoma. Alipotokea ng'ambo, mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe, mwembamba na mwepesi. Akaacha mundu ukaanguka. Walishikana muda mrefu, kisha mama akamsukuma kidogo ili amtazame, akaanza kulia, maana naye aliona mwanawe amekonda.

Kwa hiyo jikoni kulichemka. Ilikuja sahani ya ndizi na nyama iliyopanda mpaka ikazidi ukingo, na mama akakaa mbele yake mikono mitupu, kumwangalia akila. Eunike, ambaye udadisi haumwachi hata kwa mama, aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza: imekuwaje yeye hakunenepa maisha yake yote, na kupika anapika hivi? Alikuwa anangoja kusikia habari za jembe na milima.

"Ningenenepa kwa kula nini?" mama alisema. "Mlikuwa wengi. Nilikuwa nawaambia nimeshakula jikoni."

Eunike aliikumbuka sauti ile ikisema maneno yaleyale, jioni nyingi, na wao watoto wakiamini na kugombania ukoko. Akaitazama sahani iliyofurika na mikono mitupu ya mama yake. Akainuka, akachukua sahani nyingine kwenye kichanja, akazigawa ndizi sawasawa kwa mwiko, na kuisogeza sahani moja mbele ya mama.

"Leo tunagawana," alisema. "Na Jumamosi nikija, tutagawana tena. Usiniambie umeshakula."

Mama aliiangalia sahani, akafuta macho kwa khanga, akanawa mikono.