Njama ya Wamama wa Maziwa

Jana mgeni kutoka nyumbani aliniletea maziwa ndani ya kibuyu. Nilipofungua kifuniko tu, harufu ya moshi ilinichoma uso kwa aibu kama zamani nikiwa mwanafunzi.

Siku moja mwalimu wetu pale Isiolo aliandika ubaoni neno la Kiingereza, conspiracy.

"Ni kula njama," akasema. Tulimtazama tu, kwa hiyo akatutafutia mfano. "Wale wamama wa maziwa. Wanakaa chini, wanasikizana kwa siri waongeze maji, halafu wanatuuzia. Hiyo ndiyo conspiracy."

Darasa zima liligeuka kunitazama. Mama alikuwa mmoja wao, na sweta yangu ilinuka moshi wa vibuyu vyake. Walipocheka, nami nikacheka.

Jioni mama aliniuliza tumesoma nini. Nikatafuta maana ambayo haingemuumiza. "Neno la Kiingereza. Ni watu kukaa pamoja na kupanga jambo kwa siri."

"Basi hata sisi tunalo hilo," akasema, huku akisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye moto ili maziwa yasiharibike. "Mke wa mwalimu wako amejifungua na hana nguvu. Tumepanga kila siku mmoja wetu ampelekee maziwa ya bure. Mimi ndiye naanza kesho, utapeleka wewe. Na usiseme shuleni, mwalimu ataona haya."

Asubuhi alifungua mlango mwalimu mwenyewe.

"Mama amesema ni ya mama mtoto," nikamwambia. "Si ya kulipa."

Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, na hakuna kati yetu aliyeinua macho.